Fidia ya Pua na Kifua kwa Wapuliziaji wa Salfa: Barua ya Wazi kutoka Mtwara

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF).

Nakala: Bodi ya Korosho Tanzania, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), vyama vikuu vya ushirika MAMCU na TANECU.

YAH: MAGONJWA YA PUA NA KIFUA YA WAPULIZIAJI WA SALFA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Ninakuandikia kwa ajili ya watu wanaopulizia salfa kwenye mikorosho. Wako kila kijiji huku kwetu, kuanzia Mahurunga na Kitaya karibu na mto Ruvuma, kupanda hadi Nanyamba, Tandahimba na Newala. Msimu ukifika, kati ya Mei na Septemba, wanabeba mashine mgongoni na kuingia shambani kabla jua halijatoka, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wengi ninaowafahamu wana pua mbovu. Wanaamka na chafya zisizokatika, macho yanawasha mpaka yanavimba, usiku wanalala kinywa wazi kwa sababu pua zimeziba zote mbili. Wapo ambao hawasikii tena harufu ya samaki anayekaangwa jikoni kwao. Wapo ambao kifua kimeanza kubana na kutoa mlio kila wapandapo mlima kutoka kisimani.

Sijasikia hata mmoja kati yao aliyelipwa fidia. Wala siilaumu ofisi yako kwa hilo, maana sijasikia pia hata mmoja aliyekwenda kudai. Hawajui kama wana haki ya kudai, na wale wachache wanaojua wamekwishapiga hesabu ya ushahidi watakaotakiwa kuupeleka, wakaona hawana.

Ombi langu ni kwamba mtu aliyepulizia salfa kwa misimu kadhaa, kisha akapata mafua sugu ya pua, sainasi au pumu, ahesabiwe na Mfuko kuwa ugonjwa huo kaupata kazini. Asidaiwe uthibitisho ambao hakuna daktari wala mwanasheria hapa Mtwara anayeweza kuutoa. Mengine yote nitakayoyasema yanatokana na ombi hilo.

Mimi ni mkulima, na mikorosho yangu nayo hupuliziwa. Mbele ya sheria pengine mimi ndiye mwajiri, ingawa sina ofisi, sina karani, na malipo yangu hutegemea mnada wa Oktoba. Kwa hiyo siandiki kama mtu wa pembeni. Wala siandiki kuipinga salfa, maana anayeijua historia ya zao hili hawezi kuipinga hivi hivi.

Wasomaji wa mikoa mingine huenda hawajui salfa ilifikaje. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho kiasi cha tani 145,000. Miaka kumi na mitatu baadaye, msimu wa 1986/87, zilikuwa hazifiki tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa. Watu walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa na mashamba yakabaki mbali, yakageuka pori. Bei aliyopewa mkulima haikumpa hamu ya kuyarudia. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970, ukaingia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokaa juu ya maua na majani machanga hadi ua linanyauka bila kufunga korosho. Wataalamu wa Naliendele, kituo ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, wakaonyesha kwamba unga wa salfa ukipulizwa wakati wa maua unauzuia ugonjwa huo. Na ulikuwa unga hasa. Dawa za maji zilikuwepo na zipo hadi leo, lakini juu ya uwanda wa Makonde maji ya kunywa yenyewe ni shida. Nani angekuwa na maji ya kujaza tangi kwa ajili ya miti mia mbili? Salfa haikuhitaji tone la maji. Ndiyo maana ilishika. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000, na kila mmoja wetu huku alijua kazi iliyofanywa na ule unga wa njano.

Naomba basi nikueleze kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu madai yatakapokuja mezani kwako yatakuwa na maneno ya daktari tu, na maneno ya daktari hayaonyeshi shamba.

Kupulizia hufanywa alfajiri. Unga unahitaji umande ili ushike kwenye ua, na unahitaji hewa iliyotulia, kabla kusi haijaanza kuvuma. Kijana anafungua mfuko wa kilo 25, anajaza tangi kwa kopo au kwa mikono, na hapo tayari vumbi la kwanza limekwishampanda usoni. Anawasha mashine, analielekeza bomba juu. Wingu linapanda hadi kileleni, linatanda, halafu linaanza kushuka. Linashuka juu ya maua, juu ya majani, na juu yake yeye aliyesimama chini ya mti. Hawezi kulikimbia, kwa sababu hewa ile ile iliyotulia aliyoingoja ndiyo inayolifanya wingu lisiondoke. Kiwango kinachofundishwa ni kama robo kilo kwa mti mmoja kwa kila mzunguko, na mizunguko hufika minne au mitano kwa msimu, kila baada ya wiki mbili. Atakayepulizia miti 100 kwa asubuhi moja amemaliza mfuko mzima. Na yeye haishii shamba moja. Akimaliza mzunguko kwangu anakwenda kwa jirani, na jirani akiisha, mzunguko wa pili kwangu umekwishafika.

Usoni anafunga fulana kuukuu au kipande cha kanga. Akimaliza kazi hunywa maziwa, kwa kuwa ameambiwa maziwa yanaosha sumu. Maziwa huenda tumboni. Salfa iko puani, kooni na kwenye mapafu, ambako hakuna maziwa yanayofika. Nguo zake atazifua mkewe au mama yake kwa mikono mitupu, na kabla hazijafuliwa zitalala zimetundikwa kwenye chumba wanacholala watoto.

Salfa haiko kwenye kundi la sumu zinazoua panya au mtu kwa mara moja, na hilo limewafanya wengi, hata viongozi, waione kuwa kitu chepesi. Kosa lake ni la namna nyingine. Chembe zake zikitua kwenye utando wenye unyevu wa pua na macho zinawasha na kuuchoma utando huo. Utando huvimba, hutoa kamasi ili kujisafisha, na ukichomwa tena kesho na keshokutwa, msimu hadi msimu, uvimbe unakuwa wa kudumu. Pua na mapafu ni njia moja ya hewa. Kinachoanzia juu hushuka, na madaktari wanajua vizuri kwamba mwenye pua iliyovimba kwa muda mrefu yuko karibu na pumu kuliko mwenzake.

Haya si ya kubuni. Huko California, Marekani, kwenye bonde la Salinas linalolimwa mboga na matunda, salfa hutumika kwa wingi dhidi ya ukungu wa jamii hiyo hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifuatilia watoto wa vibarua wa mashambani, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Watoto waliokuwa wakiishi ndani ya kilomita moja kutoka mashamba yaliyotumia salfa nyingi zaidi walikuwa na nguvu ndogo ya kutoa pumzi, dalili nyingi zaidi za pumu, na matumizi makubwa zaidi ya dawa zake. Hao ni watoto waliokaa karibu na shamba tu, hawakubeba mashine.

Hapa kwetu udongo ulipimwa. Watafiti walichunguza mashamba yetu wakaona kwamba salfa inayoanguka chini huongeza asidi kwenye udongo, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1997. Nashukuru sana, maana tulijifunza kutunza mashamba. Kilichoanguka kwenye udongo kilipita kwanza mbele ya uso wa mtu, na huyo naye anastahili kupimwa.

Sasa niingie kwenye madai. Chukua mpuliziaji mmoja, mtu wa miaka arobaini na kitu, pua imeziba mwaka mzima, kifua kinabana kila kusi inapovuma, na hawezi tena kubeba mashine. Anaamua kudai. Ataulizwa mwajiri wake ni nani. Amewafanyia kazi wakulima ishirini, thelathini, wengine wamekwishafariki. Hakuna aliyemwandikisha popote. Ataulizwa mshahara, kwa sababu fidia ya kushindwa kazi kwa muda hupigwa kwa asilimia 70 ya kipato. Yeye hulipwa kwa idadi ya miti au kwa tangi, fedha mkononi, na miaka ambayo mnada umechelewa amelipwa kwa ahadi. Kisha ataulizwa lile gumu kuliko yote: utathibitishaje kwamba ugonjwa huu umetoka kwenye kazi hii?

Hapo ndipo naomba ukae nami kidogo, kwa sababu ndiyo kiini cha barua hii. Salfa hupulizwa wakati mikorosho inachanua. Chavua ya mikorosho iko hewani mwezi huo huo, alfajiri hiyo hiyo. Kusi inavuma na kuinua vumbi la mashamba yaliyolimwa. Jikoni kuna moshi wa kuni. Mjini Mtwara malori ya makaa ya mawe kutoka mkoa wa Ruvuma yanaelekea bandarini. Daktari wa zahanati akimwangalia mtu huyu ataona utando wa pua umevimba na kupauka, ataandika kwamba ni mzio, na atakuwa sahihi. Mwanasheria akilisoma neno hilo atasema mzio ni wa kuzaliwa nao, au ni wa chavua, au ni wa moshi, salfa inahusikaje? Hakuna kipimo cha damu kitakachotoa jibu, kwa sababu salfa huwasha na kuchoma utando bila kuacha alama yake kwenye damu. Hakuna picha ya mapafu itakayotenganisha vumbi la Juni na chavua ya Juni. Ukimwambia mtu huyu athibitishe, umemwambia arudi nyumbani.

Wengine wamekwishapita njia hii. Wanajeshi wa Marekani waliopelekwa Iraq na Afghanistan waliishi kando ya mashimo makubwa ya kuchomea taka, ambamo kila kitu kiliteketezwa kwa mafuta ya ndege, kuanzia plastiki na betri hadi mabaki ya hospitali. Moshi huo na vumbi la jangwani viliingia kambini usiku na mchana. Waliporudi nyumbani na pua na vifua vibovu, madai yao mengi yalikataliwa kwa hoja tuliyoizoea: thibitisha kwamba ni moshi ule, si chavua ya kwenu, si sigara zako. Mvutano ulichukua miaka. Agosti 2021 idara inayoshughulikia maveterani wa nchi hiyo ikakubali kwamba pumu, mafua sugu ya pua na sainasi, vikijitokeza ndani ya miaka 10 tangu askari aondoke kwenye utumishi, vichukuliwe kuwa vimetokana na vumbi na moshi wa huko. Tarehe 10 Agosti 2022 Rais Joe Biden akatia saini sheria yenye jina la Sajenti Heath Robinson, aliyefariki mwaka 2020 kwa saratani ya mapafu, na orodha ya magonjwa ikapanuka zaidi. Tangu hapo askari aliyekuwepo mahali fulani, wakati fulani, na sasa ana ugonjwa fulani, haulizwi tena ni chembe ipi iliyompata. Mzigo wa kuthibitisha umemtoka.

Hata viwango vimewekwa. Pua ikiziba zaidi ya nusu pande zote mbili, au ikiziba kabisa upande mmoja, askari huyo anahesabiwa ulemavu wa asilimia 10. Ikiota vinyama ndani, asilimia 30. Nataja hayo kwa sababu kuna watu wanaofikiri pua ni jambo dogo mno kuingizwa kwenye fidia. Dola inayotumia fedha nyingi kuliko zote kwa jeshi lake imeipima na kuiandikia malipo.

Utaniambia askari ana namba, ana faili, na amri iliyompeleka vitani ipo kwenye maandishi, wakati mpuliziaji hana hata karatasi. Ni kweli kwa upande wa mtu. Kwa upande wa salfa si kweli. Salfa ya ruzuku hugawiwa kwa orodha. Mkulima ameandikishwa, miti yake imehesabiwa, mifuko aliyopewa imeandikwa kwenye chama cha msingi (AMCOS). Tunajua kijiji gani kilipokea mifuko mingapi, mwaka gani. Kilichobaki ni kuongeza safu moja kwenye daftari lile la AMCOS: nani aliyeipulizia. Mkulima anaposaini kupokea mifuko, ataje jina la mpuliziaji wake, au ajitaje mwenyewe kama anapulizia kwa mkono wake. Baada ya misimu mitatu tutakuwa na kumbukumbu ambayo hata wanajeshi wengi waliokaa kando ya yale mashimo hawakuwa nayo.

Na waliokwisha kuugua kabla daftari halijafunguliwa? Kwa hao ninaomba ushahidi wa kijiji ukubaliwe. Mwenyekiti wa kitongoji, mkulima aliyemtumia, na wapuliziaji wenzake wawili wakithibitisha kwa maandishi kwamba fulani amebeba mashine misimu kadhaa, hiyo itoshe. Huku hakuna anayeweza kujifanya mpuliziaji. Kila mtu anamjua anayekuja na mashine.

Najua hofu itakayotajwa kwenye vikao: kila mwenye mafua Mtwara atakuja kudai. Nimeifikiria. Dhana ninayoiomba, kwamba ugonjwa umetoka kazini, si ya kila anayepiga chafya. Iwe kwa aliyepulizia angalau misimu mitatu, mwenye dalili zinazopanda wakati wa kupulizia na kupungua mvua zinapoanza, ambaye daktari amemchungulia pua kwa taa na kuona uvimbe wa kudumu au vinyama, na kwa mwenye kifua, aliyepulizishwa kipimo cha pumzi. Kile kifaa kidogo cha mkononi cha kupimia nguvu ya pumzi si cha bei kubwa. Zahanati inaweza kuwa nacho, na mhudumu akafundishwa kukitumia kwa muda mfupi. Anayehitaji uchunguzi wa kina zaidi aende hospitali ya mkoa ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini hapa Mtwara. Mfuko wako umekuwa ukiwafundisha madaktari kutathmini ulemavu. Naomba pua na kifua cha shambani viingie kwenye mafunzo hayo, na kwamba daktari anapomwandika mgonjwa aulize pia kazi anayoifanya na amefanya misimu mingapi. Ugonjwa wa njia ya juu ya hewa unaotokana na vitu vya kuwasha kazini umo kwenye orodha ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2010, karibu kabisa na pumu ya kazini. Hatuombi jambo ambalo dunia haijalikubali.

Kuhusu fedha, nitasema kama mkulima. Mfuko ulipoanza kukusanya michango Julai 2015 chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, uliwekwa juu ya mabega ya waajiri, na leo mwajiri huchangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Mpango huo ni mzuri kwa kiwanda na kwa ofisi. Kwangu mimi hauna mahali pa kushika, kwa kuwa hakuna orodha ya mishahara ya kupigia hiyo asilimia. Lakini korosho ghafi inayosafirishwa nje hutozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kiasi chochote kitakachokuwa kikubwa, na kutokana na ushuru huo pembejeo za ruzuku zimekuwa zikigharamiwa. Maana yake ni kwamba fedha ya korosho ndiyo inayoinunua salfa. Fedha hiyo hiyo itoe mchango wa anayeivuta. Hebu tupige hesabu: sawa na shilingi 1 kwa kilo, kwa msimu wa tani 300,000, ni shilingi milioni 300 kwa mwaka. Nasisitiza itoke kwenye ushuru wa nje, isiongezwe kwenye makato ya mkulima. Makato tunayo ya kutosha: chama, chama kikuu, halmashauri, ghala, utafiti. Ukileta mengine utapata jina baya kabla hujapata fedha.

Bodi ya Korosho nayo ina sehemu yake, na ndiyo maana nimeipelekea nakala. Mfuko wa salfa ukishuka ghalani, barakoa ishuke nayo. Nasema barakoa inayochuja vumbi kweli, inayokaza usoni, pamoja na miwani ya kufunga macho, kwa sababu fulana kuukuu haichuji chochote na kijana anajua hilo. Anaifunga ili asionekane hajali. Mafunzo ya Naliendele kwa maofisa ugani yafundishe kupulizia kwa kurudi nyuma, wingu likiwa mbele, na kubadili nguo kabla ya kuingia nyumbani. Nawaomba OSHA waje shambani alfajiri, maana saa nne asubuhi, wakati magari ya ofisi yanapofika, mashine zimekwishazimwa na wingu limetua. Na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iangalie maandishi ya kwenye mifuko: tahadhari iliyoandikwa kwa herufi ndogo na kwa lugha asiyoisoma mpuliziaji haimlindi.

Sijawasahau wanawake wa ubanguaji. Mafuta ya ganda la korosho yanachuna ngozi za vidole vyao, na moshi wa kukaanga unawakaa kooni. Wale walioko viwandani wana mwajiri na wana mlango wa kuingilia kwenye Mfuko. Wanaobangulia nyumbani wako kama wapuliziaji, na daftari ninalolipendekeza linaweza kuwachukua nao. Habari zao zinahitaji barua nyingine.

Mwaka jana nilikaa na mpuliziaji mmoja kwenye baraza lake, mtu ambaye kila mwenye shamba wa kata yetu amewahi kumtafuta kwa ufundi wake. Aliniambia hataki fedha nyingi. Anataka dawa ya kupulizia kinywani iwe nyumbani muda wote, asiitafute kwa kukopa kila kifua kinapobana usiku, na anataka mtoto wake wa kiume asilazimike kuibeba ile mashine ili kumlipia dawa hiyo. Kwa lugha ya sheria yako, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, hayo yanaitwa huduma ya matibabu na fidia ya ulemavu wa kudumu. Yote mawili yamo tayari kwenye orodha ya mafao mnayotoa.

Ninaomba uanze na pachache. Teueni vyama vya msingi kadhaa, baadhi kutoka Tandahimba na baadhi kutoka Mtwara Vijijini upande wa Ruvuma, ili uwanda wa juu na bonde vyote viwemo. Fungueni daftari kabla salfa ya msimu ujao haijagawiwa. Wapuliziaji wapimwe pua na pumzi mwezi Aprili, kabla hawajagusa mfuko, wapimwe tena Agosti. Mtakuwa na takwimu zenu wenyewe, za Watanzania, na kamati yenu ya madaktari haitakuwa na haja ya kutegemea watoto wa Salinas.

Kwa upande wetu hatungoji. Katika kijiji chetu tumekubaliana kuanza kuandika majina ya wapuliziaji, umri wao, misimu waliyofanya na mashamba waliyopulizia, yakisainiwa na wenye mashamba. Orodha itakuwa kwa karani wa chama cha msingi kabla ya mwezi wa nne. Tunaomba utuelekeze ni ofisa gani wa Mfuko tutakayemkabidhi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa korosho,
Mtwara Vijijini.